Nyumba za Wenye Maduka Ng'ambo ya Mto Malaba

Mto Malaba si mto wa kutisha. Lau si forodha na askari wa mpakani, msafiri angeuvuka bila kujua kwamba ametoka nchi moja na kuingia nyingine. Lakini akifika Tororo, chini ya lile jiwe kubwa, na akiendelea na safari mpaka Iganga na Jinja, ataona jambo ambalo si rahisi kuliona Malaba wala Busia: nyumba za maduka za zamani, zilizojengwa kwa matofali ya kuchoma, zenye baraza mbele na nguzo nene, na nyingine zina ghorofa juu. Katika paji la ukuta linaloelekea barabara, mara nyingi ataona jina la mtu limechorwa katika lipu, na chini yake mwaka.

Watu wengi hupita wasiulize. Aulizaye hujibiwa kwa maneno mawili matatu: "Ni nyumba za Wahindi." Jawabu hilo ni la kweli, lakini halitoshi. Zilijengwa kwa fedha gani? Ziliwatokaje wenyewe mikononi? Na kwa nini nyingi zilichakaa baada ya kupewa watu waliozipata bila gharama kubwa? Maswali haya yatufaa hata sisi tulio upande wa Kenya. Kupotea kwa nyumba zile kulichangia kukua kwa Busia na Malaba. Tena mna mafundisho ndani yake kwa kila mtu mwenye kiwanja, shamba au nyumba ya urithi.

JINSI ZILIVYOJENGWA

Husemwa mara nyingi kwamba wenye maduka hao walikuwa makuli wa reli waliobaki katika nchi kazi ilipokwisha. Sivyo hasa. Ni kweli kwamba Waingereza walileta wafanya kazi zaidi ya 31,000 kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, kazi iliyoanza mwaka 1896 na kufika ziwani mwezi wa Desemba, 1901. Karibu watu 2,500 kati yao walikufa, wengi wakarudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Lakini wafanya biashara wengi hawakuwa watu wa reli. Walikuja kwa nauli yao wenyewe kutoka Kutch, Kathiawar na Gujarat, wakiitwa na ndugu au mtu wa kijiji aliyetangulia. Wengine walikuwa Wahindu, wengine Waislamu wa Ismailia na madhehebu mengine, wengine Masingasinga, na wengine Wagoa. Sisi twawaita wote kwa jina moja, lakini wao kwa wao walikuwa watu wa namna nyingi.

Aliyejulikana kuliko wote katika siku za mwanzo ni Allidina Visram. Alizaliwa Kutch mwaka 1851, akaja Bagamoyo angali kijana mdogo, akafuata njia za misafara ya bara, na baadaye akafungua maduka mengi katika Uganda na Kenya. Alifariki mwaka 1916. Desturi ya matajiri wa namna yake ilikuwa kumtia kijana dukani awe karani, kumfundisha hesabu, na kisha kumkopesha bidhaa ili akafungue duka lake mahali ambapo bado hapana duka. Kijana yule alianza kwa kibanda cha mabati. Aliuza chumvi, sabuni, viberiti, majembe na amerikani. Alilala humo humo dukani, juu ya magunia au chini ya meza.

Kilichoyageuza mabati yale kuwa matofali ni pamba. Mbegu za pamba zilianza kugawiwa wakulima wa Uganda mwaka 1903, na baada ya miaka michache pamba ikawa ndiyo fedha ya nchi. Mwaka 1912 reli ndogo ilifunguliwa kutoka Jinja hadi Namasagali kuichukua, na ikapakiwa katika meli za ziwani kwenda Kisumu. Mwaka 1928 reli kuu itokayo Nakuru na Eldoret ikapita Malaba na Tororo mpaka kufika Jinja. Na mwaka 1931 daraja la Nile likawa tayari na gari la moshi likafika Kampala. Upande wetu nao haukukosa: wakulima wa Samia, Bukhayo na Teso walilima pamba, na majina ya viwanda vya kuchambulia pamba vya Nambale na Malakisi yajulikana na wazee wengi hata leo.

Mkulima alichukua pamba yake kwenye mizani, akapokea fedha, akalipa kodi ya serikali, na kilichobaki akaenda nacho dukani. Kwa hiyo katika kuta za nyumba zile mna jasho la mwenye duka aliyekesha kwa taa ya mafuta akipiga hesabu, na mna jasho la mkulima aliyeinama katika shamba la pamba tangu alfajiri. Atakaye kuzisimulia nyumba zile kwa haki, na ataje majasho yote mawili.

Yafaa kusema pia kwamba wakulima walinung'unika. Uchambuaji wa pamba na biashara kubwa vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi, na Mwafrika aliyetaka kuingia humo alikuta mlango ni mwembamba sana. Fujo za mwaka 1945 na 1949 katika Buganda zilikuwa na malalamiko ya bei ya pamba ndani yake, na mwaka 1959 watu wa Buganda walisusia maduka ya Wahindi kwa miezi mingi. Manung'uniko hayo hayakumalizwa yote Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962.

NYUMBA YENYEWE ILIVYOKUWA

Nyumba ya mwenye duka haikuwa mahali pa kulala tu. Mbele palikuwa na baraza iliyoezekwa, na barazani aliketi fundi wa cherehani, mara nyingi Mwafrika, akishona kanzu na kaptula kwa nguo iliyonunuliwa ndani. Nyuma ya baraza lilikuwa duka lenyewe, na nyuma ya duka stoo ya magunia. Kisha palikuwa na ua, jiko, birika la maji ya mvua, na mlango wa nyuma uliotokea katika kichochoro cha watu wa usafi. Jamaa walikaa vyumba vya uani, au juu ghorofani kama nyumba ilikuwa na ghorofa.

Katika nyumba moja walikaa babu na bibi, wana wao na wake zao, na wajukuu. Chungu kilikuwa kimoja, na daftari la biashara lilikuwa moja. Ndugu mmoja aliuza dukani, wa pili alisafiri kununua bidhaa, wa tatu aliandika hesabu. Mtoto alizaliwa chumba kile kile alimozaliwa baba yake. Walipoandika jina na mwaka katika paji la nyumba, maana yake ilikuwa kwamba hawakukusudia kuhama.

Mpaka nao haukuwa kizuizi kikubwa siku zile. Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda, uliofika mbali ndani ya nchi ambayo leo ni Kenya, ulitiwa chini ya utawala wa pili, na mpaka ukaletwa hapa magharibi, mahali pengi ukifuata mito Sio na Malaba. Lakini shilingi ilikuwa moja, na ushuru wa forodha ulikuwa mmoja. Jamaa moja iliweza kuwa na duka Tororo na duka jingine Bungoma, kama vile Mkhayo au Mteso awezavyo kuwa na shangazi yake ng'ambo.

SIKU TISINI

Tarehe 4 Agosti, 1972, Jenerali Idi Amin, aliyekuwa ametwaa utawala wa Uganda kwa nguvu tarehe 25 Januari, 1971, alisema na askari katika kambi ya Tororo. Neno lililobadili maisha ya maelfu ya watu lilitolewa pale, mwendo mfupi tu kutoka Malaba. Alisema kwamba Wahindi wenye pasi za Kiingereza lazima watoke katika nchi. Siku walizopewa zilikuwa tisini, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe 8 Novemba.

Siku zilizofuata amri ilipanuliwa ikawagusa wenye pasi za India, Pakistan na Bangladesh. Wale waliokuwa raia wa Uganda walitakiwa kuonyesha hati zao. Misururu mirefu ilipangwa mbele ya ofisi, na wengi waliambiwa kwamba uraia wao si halali, kwa kuwa hawakuuacha uraia wa kwanza kwa wakati uliowekwa na sheria. Mtu aliamka asubuhi akiwa raia, na jioni akawa hana nchi.

Kila jamaa iliruhusiwa kutoka na fedha kiasi cha pauni 50 tu, pamoja na mizigo michache. Duka, bidhaa, motokaa na nyumba viliandikwa katika fomu ya serikali. Nani angenunua nyumba kutoka kwa mtu ambaye hana budi kuondoka kabla ya Novemba? Kila mtu alijua kwamba akingoja kidogo ataipata kwa njia nyingine. Wengine walifunga milango, wakampa ufunguo jirani au mtumishi wa miaka mingi, wakamwambia aangalie nyumba mpaka watakaporudi.

Wenye pasi za India walipanda gari la moshi, wakapita hapa Malaba na kuvuka Kenya mpaka Mombasa, na huko wakapanda meli kwenda Bombay. Serikali ya Kenya haikukubali wabaki katika nchi. Waliruhusiwa kupita tu. Uingereza ilipokea watu wapatao 28,000, na Canada ikapokea kama 6,000 kabla ya mwaka kwisha. Wengine walitawanyika Ulaya na Marekani, na ndugu wa chungu kimoja wakajikuta katika nchi tatu au nne.

NYUMBA ZILIPOPATA WENYEJI WAPYA

Kampuni, maduka na mashamba 5,655 yaligawiwa upya. Mengi yalikwenda kwa askari na kwa watu waliojuana na wakubwa. Wananchi wakawapa matajiri hao wapya jina la "mafuta mingi," na jina hilo lilifika hata upande wetu. Wengi wao hawakujua biashara. Yasemwa na waliokuwapo kwamba wengine waliuza shati kwa bei iliyoandikwa kwenye ukosi, wakidhani namba ya kipimo ndiyo bei. Bidhaa zilipokwisha rafuni hapakuwa na mtu aliyejua zilikotoka, wala hapakuwa na tajiri wa kuwakopesha nyingine.

Nyumba zenyewe ziliwekwa chini ya Halmashauri maalum ya kutunza mali ya Waasia walioondoka, kwa amri ya mwaka 1973. Halmashauri iliwapangisha watu, na wapangaji wakailipa kodi ya pango. Kwa macho ya kwanza huo ni mpango wa busara: nyumba haikai tupu, serikali yapata kodi, na mwananchi apata makao mazuri mjini.

Lakini tazameni jinsi nyumba inavyochakaa. Nyumba nyingi za namna ile zina ukuta uliopanda mbele kuficha mabati. Nyuma ya ukuta huo, kati yake na paa, upo mfereji wa kupitishia maji ya mvua. Mfereji huu lazima usafishwe kila mwaka. Majani na vumbi yakiuziba, maji husimama, kisha huingia katika ukuta. Mwaka wa kwanza huonekana doa tu, mwaka wa tatu lipu huanguka, mwaka wa kumi boriti za ghorofa huoza. Kusafisha mfereji ni kazi ya mtu mmoja, ngazi moja na asubuhi moja.

Kazi hiyo ilikuwa ya nani? Mpangaji alisema, "Si nyumba yangu; nikiitengeneza leo, kesho naweza kutolewa." Karani wa Halmashauri alikuwa mbali, na nyumba alizoandika katika daftari lake zilikuwa nyingi mno. Na mwenye jina lililo katika paji la ukuta alikuwa Leicester au Toronto, akifanya kazi kiwandani zamu ya usiku. Basi mfereji haukusafishwa. Katika vyumba vya jamaa moja wakaingia jamaa nne au tano, kila mmoja na jiko lake, na ukumbi ukagawanywa kwa mbao. Hapakuwa na mtu aliyekusudia kuiharibu nyumba. Iliharibika kwa sababu wajibu wa kuitunza ulikuwa umetengwa na haki ya kuimiliki, na mambo hayo mawili yakitengana, hata ukuta wa matofali ya kuchoma hauwezi kusimama peke yake.

UPANDE WETU WA MPAKA

Maduka ya ng'ambo yalipokuwa matupu, watu walivuka mto kutafuta sukari, sabuni, chumvi na nguo. Kiwanda kikubwa cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilidhoofika mpaka kazi ikakaribia kufa kabisa. Wakati huo huo kahawa ya Uganda ilipita usiku kuja Kenya, maana huku ililipwa fedha yenye thamani. Bei ya kahawa ilipopanda sana duniani mwaka 1976 na 1977, baada ya baridi kali ya mwaka 1975 kuharibu mibuni ya Brazil, soko la Chepkube, huko chini ya Mlima Elgon, lilitajwa kila mahali kwa habari za magendo. Busia na Malaba nazo zilipata maduka, maghala na nyumba za wageni kutokana na biashara ya mpakani, ile ya halali na ile isiyo ya halali. Kwa hiyo mtu wa Busia asiitazame habari hii kama kisa cha watu wa mbali.

Wala asidhani kwamba Kenya haikuwa na habari yake. Mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya leseni za biashara, iliyowakataza wasio raia kufanya biashara katika vituo vingi nje ya katikati ya miji mikubwa, na kuuza bidhaa fulani fulani. Wahindi wengi wenye pasi za Kiingereza waliona kwamba leseni zao hazitaendelea, wakaanza kuondoka kwa haraka, hasa kabla ya Uingereza kuubana mlango wake kwa sheria ya tarehe 1 Machi, 1968. Katika vituo vya magharibi maduka yao yaliingia mikononi mwa Waafrika, na baadhi ya wanunuzi walipata mkopo wa shirika la serikali la ICDC.

Kwa jamaa iliyohama uchungu ulikuwapo huku pia, na bei mara nyingi ilikuwa ya chini kwa kuwa muuzaji alikuwa na haraka. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Huku palikuwa na muuzaji, mnunuzi na hati. Aliyenunua alijua kwamba paa likivuja ni lake. Ng'ambo, nyumba ilitolewa mkononi mwa mmoja bila kutiwa sawasawa mkononi mwa mwingine.

NYUMBA ZILIPORUDISHWA

Amin aliondolewa Kampala tarehe 11 Aprili, 1979. Mwaka 1982 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kurudisha mali zilizotwaliwa, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Februari, 1983. Sheria ilimpa mwenyewe siku tisini za kupeleka madai yake kwa Waziri. Idadi ya siku za kuondoka na idadi ya siku za kudai ikawa ile ile. Aliyefaulu alipewa hati maalum ya kurudishiwa mali.

Jambo hili lilikwenda polepole, kwa kuwa vita vilikuwa vikiendelea katika nchi. Baada ya Yoweri Museveni kuingia madarakani mwaka 1986, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, nyumba nyingi zilirudishwa. Jamaa ya Madhvani, iliyokuwa na mtaji na jina kubwa, ilirudi Kakira katika miaka ya 1980 na kukifufua kiwanda cha sukari. Lakini mwenye duka mdogo wa Tororo au Iganga alikuwa na umri wa miaka sabini, na watoto wake walikuwa makarani, madaktari na madereva Uingereza. Hata alipopata hati, wengi wa namna yake waliuza nyumba au waliweka wakala wa kukusanya kodi. Nyumba ilirudi, jamaa haikurudi.

Kwa waliokuwa wakikaa ndani, siku hiyo ilikuwa nzito vile vile. Mpangaji aliyekaa miaka ishirini, akazaa watoto humo na kulipa kodi kila mwezi, alipata barua ya kumwambia atoke. Yeye hakumfukuza mtu mwaka 1972. Aliikuta nyumba ina ofisi inayoipangisha. Hivyo nyumba moja ilitoa machozi mara mbili, kwa jamaa mbili zisizojuana.

Wajanja nao hawakukosa nafasi. Walijitokeza watu wenye hati za uwakilishi za kughushi, wakidai kwamba wametumwa na mtu aliye Ulaya, na kumbe mtu huyo alikwisha kufa au hajui habari. Nyumba nyingine zilidaiwa na watu wawili au watatu. Mwaka 2019, karibu miaka hamsini baada ya tangazo la Tororo, kamati ya Bunge la Uganda ilikuwa bado inachunguza mali zilizo chini ya Halmashauri ile. Kuitwaa nyumba kulichukua siku tisini. Kuweka sawa jambo lile hakujakwisha kwa miaka hamsini.

YATUPASAYO SISI

Msomaji aweza kusema, "Mimi si mwenye duka, wala hakuna atakayenipa siku tisini." Hiyo ni kweli. Lakini ndugu msomaji, fungua sanduku la nyumbani utazame hati ya shamba. Imeandikwa jina la nani? Katika Busia, kama katika wilaya nyingine nyingi, mashamba na viwanja bado vimeandikwa jina la babu aliyekufa zamani. Wajukuu wanalima, wanajenga, na wengine wanauza vipande kwa karatasi ya daftari tu. Kila mtu ajua ni mali ya ukoo, na kwa kuwa ni ya wote, hakuna mwenye wajibu nayo. Mfereji hausafishwi.

Sheria ya Mirathi ya Kenya ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 1981, nayo yaonyesha njia. Jamaa huenda mahakamani kuomba mmoja wao au wachache wawe wasimamizi wa mali ya marehemu. Maombi hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme. Kisha mahakama huthibitisha kila mtu apate nini, na jina huandikwa upya katika ofisi ya ardhi. Kazi hiyo ina gharama na ina uchovu. Lakini ni rahisi zaidi wazee wanaojua mipaka wangali hai, kuliko wakati ambapo hawapo na wajukuu wametawanyika Nairobi, Kampala na ng'ambo.

Hati peke yake si ngao kamili. Mwaka 1972 wenye hati halali walitolewa pamoja na wasio nazo, maana sheria yenyewe ilikuwa imewekwa kando. Na nchi isiyoheshimu haki ya jirani leo, kesho haitaiheshimu ya mwananchi. Lakini miaka ilipogeuka na sheria ikarudi, aliyekuwa na karatasi yake alikuwa na neno la kusema, na asiye nayo alibaki na hadithi.

Na wale wapangao nyumba, wapatane kwa maandishi: kodi ni kiasi gani, notisi ni ya muda gani, na paa likivuja nani apande ngazi. Swali hilo la mwisho huonekana dogo, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Nyumba nyingi za Tororo na Jinja ziliteketea kwa ajili yake.

Siku hizi Busia inapanuka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi mwezi wa Februari, 2018. Malori hupanga foleni, na majengo mapya ya ghorofa huinuka pande zote mbili. Wajengao ni wenyeji, na fedha yao ni ya jasho kama ile ya zamani. Wanapoandika jina na mwaka katika paji la nyumba, na waandike jina hilo katika daftari la ardhi pia, na wamfundishe mtoto atakayewarithi mahali mfereji ulipo na siku ya kuusafisha.